Uji wa Plastiki

Harufu ilimfikia mke wangu ghorofani kabla sijapata pa kuficha kikombe.

"Baba watoto, huko chini unaunguza nini?"

"Napika uji."

Haukuwa uongo mtupu. Kilichokuwa mbele yangu kilianza cheupe kama maziwa, kikawa kizito kama uji wa muhogo, kikashikana mabonge kama ugali ulioshindikana, halafu kikayeyuka tena na kuwa angavu kama asali. Uji huu huiva kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Ukiupitisha hapo unageuka rangi ya chai ya mkandaa, kisha unatoa moshi unaokwangua koo. Mimi niliupitisha.

Ilikuwa Februari, hapa Lowell, Massachusetts. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha la chumba cha chini, na mimi nimevaa koti na glavu, napika samaki wa bandia. Samaki wadogo, laini, wa kumlaghai samaki mwingine ambaye wakati huo hayuko hata karibu. Yuko kusini huko, pwani ya Virginia na ghuba ya Chesapeake, anangoja theluji iyeyuke.

Huyo samaki hana jina la Kiswahili, na sioni kwa nini angekuwa nalo, maana hajawahi kufika kwetu. Wataalamu wanamwita Morone saxatilis. Sisi Waswahili wachache tunaovua mto Merrimack tunamwita straipa, kama wenyeji wanavyomwita. Mgongo wake ni wa kijani cha zeituni, ubavu ni fedha, na toka mashavuni hadi mkiani ana mistari saba au minane myeusi iliyonyooka kama ya daftari la shule. Mdomoni hana meno ya kukata. Ana msasa. Ukimkamata mdomo wa chini kwa kidole gumba, kama tunavyofanya kumtoa ndoana, kidole kinarudi nyumbani kimechubuka, na kazini Jumatatu wanaovua wanatambuana kwa vidole.

Anazaliwa mtoni, kwenye maji matamu. Wengi wa pwani hii huzaliwa kwenye mito inayoingia Chesapeake, wengine Hudson, wengine Delaware. Akikua anatoka baharini, na kila mwaka anapanda kaskazini akifuata chakula. Kwetu anafika Mei, Oktoba anaanza kurudi. Mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa ufito na kuandikwa kwenye rekodi ya dunia alivuliwa 2011 na Greg Myerson, jimbo la Connecticut: ratili 81.88, yaani kilo 37 na ushei. Wangu mimi, tusitaje.

Sasa kwa nini mtu mzima, anayefanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee na kulala mchana, akae kwenye chumba cha baridi akichemsha plastiki? Watu wakiniuliza huwa nawajibu ni bei. Pakiti ya vyambo vya mpira vya dukani ni dola nane, tisa, na ndani mna vipande vichache tu. Akipita yule samaki wa buluu mwenye meno kama mkasi, ambaye anawinda maji yaleyale na straipa, pakiti inakwisha kwa dakika kumi na wewe hujaona hata mgongo wake. Jibu hilo la bei wanalikubali haraka. Lakini nimepiga hesabu kwa kalamu: galoni ya plastisoli (ndiyo huo uji wenyewe), rangi, plasta, maikrowevu, barakoa, glavu, vichwa vya risasi vya kuzamishia ndoana. Nilihitaji misimu mitatu kufidia gharama, na kufikia hapo nilikuwa nimenunua vingine. Mtu akikwambia anatengeneza vyambo ili aokoe pesa, mtazame mke wake usoni.

Ukweli unaanzia Vanga.

Vanga ni mji wa mwisho wa pwani ya Kenya. Ukivuka kidogo tu uko Tanzania. Mbele yake ni mkondo wa Pemba, na ami yangu ameuvua maisha yake yote. Ami hakuwa na duka la vyambo. Alikuwa na kamba. Kipande cha kamba ya meli kikitupwa ufuoni alikiokota, akakifumua uzi kwa uzi, akazichana zile nyuzi kwa kitana cha mkewe mpaka zikalainika kama nywele za mahindi, akazifunga kwenye shina la ndoana. Siku nyingine alikata mfuko mweupe wa plastiki vipande virefu vyembamba. Kisha anarambaza: mshipi nyuma ya mashua, tanga limeshika upepo, chambo kinakimbia juujuu ya maji, na nguru anakuja kama mshale.

Wakati huo mashua za watalii zilikuwa zikitoka Shimoni kutafuta sulisuli na jamaa zake, zikiburura ngisi wa mpira wa rangi za harusi. Siku moja ami alimpasua nguru akamkuta mmoja wa hao ngisi tumboni. Waridi na manjano, macho mawili makubwa. Alimsafisha, akamweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila aliyekuja nyumbani alitolewa ngisi amwone. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikamwuliza kama kweli samaki anaweza kudhani kile ni kiumbe. Waridi ile! Akachukua wembe, akachanja minyiri ikawa myembamba zaidi, akamtia kwenye ndoo ya maji, akamvuta kwa uzi. Ile minyiri ikafunguka na kufumba, ikafunguka na kufumba.

"Wewe unatazama rangi," akasema. "Yeye anatazama mwendo."

Nimekuja kulielewa neno hilo miaka thelathini baadaye, nikiwa na kikombe cha moto mkononi.

Plastisoli yenyewe ni kitu rahisi. Ni unga laini mno wa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, unaoelea ndani ya mafuta ya kulainishia. Ikiwa baridi inamiminika. Joto likipanda, chembe za unga zinayafyonza yale mafuta, zinavimba, zinashikana; ikipoa unabaki na kitu cha kunesa, kinachovutika kama ulimi. Mwenye kubuni mnyoo wa plastiki unaofanya kazi ni Nick Creme, wa Akron, Ohio, mwaka 1949, na alianzia nyumbani kwake jikoni, yeye na mkewe. Akron ulikuwa mji wa matairi, kwa hiyo mambo ya mpira yalikuwa hewani. Hilo la jikoni hunifariji. Nililitaja kwa mke wangu. Akasema basi huyo mke wa Creme apewe pole yake.

Fundi wangu hakuwa Mmarekani wa vitabuni. Lowell ina Wakambodia wengi kuliko karibu mji mwingine wowote wa nchi hii, na kwenye mawe ya mdomo wa Merrimack, upande wa Salisbury, utawakuta alfajiri na ndoo zao. Mmoja ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufi hata Julai. Vijana wao wanamwita Bong, yaani kaka mkubwa kwa Kikhmer, na mimi nikafuata. Kiingereza chake kibovu na changu cha asubuhi baada ya zamu ya usiku vinaelewana vizuri sana. Nilimwona anavua peke yake wakati mstari mzima wa watu wenye vifaa vya mamia ya dola unapiga miayo. Nikamwomba anionyeshe chambo. Akatoa mfukoni kitu cheupe, kirefu kama kiganja, hakina jicho, hakina magamba, upande mmoja bapa kabisa kama kimekatwa kwa kisu. Nilidhani kimeharibika.

"Duka gani?"

"Duka la kwangu," akajibu, akajigonga kifuani.

Kalibu yake ilikuwa ya plasta ya Paris, ndani ya kopo la aiskrimu. Plasta ni njia ya maskini na ndiyo njia nzuri ya kuanzia. Unachanganya, unamimina, unalaza kielelezo chako nusu kimezama, kimepakwa vaselini kisigande. Ikishikana unakitoa na shimo lake linabaki. Upande wa juu ni wazi, ndiyo maana chambo kinatoka na mgongo bapa. Wenye pesa wana kalibu za alumini zilizochongwa kwa mashine, pande mbili zinazofungana, na bomba la kusukumia plastiki ndani, na samaki wao wanatoka mviringo kama wa dukani. Mimi nimevijaribu vyote viwili na nasema wazi: ule ubapa ni faida. Kikiachwa kishuke, chambo bapa hakianguki kama jiwe. Kinayumba, kinageuka tumbo, kinameta mara moja na kuzima. Samaki aliyeumia hushuka hivyo.

Bong alinipa masharti manne, akiyahesabu kwa vidole. Maikrowevu iwe ya kazi hiyo tu, isirudi kamwe kwenye chakula. Dirisha wazi na feni inayotoa hewa nje. Barakoa yenye vichujio vya kemikali. Alipofika kidole cha nne alinyamaza kidogo, akasema, "Maji. Hapana maji."

Hilo la nne sikulisikia vizuri.

Kalibu yangu ya kwanza niliiacha ikauke siku mbili. Kwa macho ilikuwa kavu, nyeupe, inalia ukiigonga. Lakini plasta ni kama mnafiki, unyevu wake uko moyoni. Nilipomimina uji wa nyuzi 175 juu yake, maji yaliyojificha yakawa mvuke papo hapo, na mvuke unataka njia. Pakasikika kama bisi za mahindi zinapopasuka. Tone moja liliruka likatua juu ya mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya glavu. Plastiki ya moto haimwagiki kama maji. Inaganda pale ilipotua na kuendelea kupika. Hadi leo pana kovu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi.

Nilimpelekea Bong mkono auone. Hakunipa pole.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Alicheka mpaka akakaa chini juu ya mawe. "Wiki mbili," akasema. "Halafu tanuri moto mdogo. Halafu gundi."

Ile gundi ni gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji, inapakwa ndani ya kalibu mara tatu, na kila mkono ukauke kabisa kabla ya mwingine. Inaziba vitundu vya plasta na chambo kinatoka kikiwa na ngozi inayong'aa. Ukiiruka hatua hiyo samaki wako anatoka mkavu kama aliyepakwa chaki.

Hata hivyo msimu ule wa kwanza sikupata kitu. Vyambo vyangu vilikuwa vizuri kuliko vya Bong! Kielelezo nilikichonga mwenyewe kwa mbao, nikakitia magamba kwa ncha ya msumari, mapezi, jicho, hata mstari wa ubavuni. Wiki nzima ya kuchonga. Kilipotoka kwenye kalibu nilikipiga picha nikamtumia ami. Nilivua nacho Mei yote na Juni nusu, na straipa walikipita kama watu wanaompita mwombaji.

Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa hadi mbali, nilikuwa natembea kwenye mchanga wa Plum Island nikaona watoto wanachimba kwa vidole na kutoa vitu vinavyorukaruka. Kilikuwa kisamaki chembamba kama penseli, pua kali, mgongo wa kijani, ubavu wa fedha. Wenyeji wanamwita mkunga wa mchanga ingawa si mkunga hata kidogo. Maji yakikupwa, au akiogopa, anachomeka pua mchangani na kupotea mzimamzima. Straipa anampenda kuliko chochote kinachofika mdomo wa mto huu mwanzo wa kiangazi. Nami nilikuwa nimevua mwezi mmoja na nusu bila kumtazama huyu mdogo hata mara moja. Nilikuwa nimechonga samaki kutoka kichwani mwangu, na aliyekuwa kichwani mwangu, nikisema kweli, alikuwa kibua wa Vanga.

Niliwaomba watoto wawili wa hao samaki. Mmoja nikamwacha hai kwenye ndoo ya maji ya bahari nikakaa naye labda saa nzima, nikimchokoza kwa kijiti. Hapigi mkia kama samaki wengine. Mwili wote ni mkia. Wimbi linaanzia nyuma ya kichwa na kuteremka, kama utepe unaovutwa kwenye upepo, na akisimama anasimama kabisa, amenyooka kama sindano, halafu anazama taratibu pua ikiwa chini. Yule mwingine nilimgandisha kwenye friji akiwa amelazwa sambamba na rula, nikammiminia plasta. Chambo kilichotoka hakina jicho. Hakina magamba ya kuonekana. Ukimwonyesha mtu asiyevua atafikiri ni kamba ya kiatu.

Toka hapo kazi yangu yote imekuwa ya kutafuta ulaini. Plastiki ileile ukiiongeza mafuta ya kulainisha inakuwa teketeke. Ukiyapunguza inakuwa kama raba ya kufutia. Ikiwa teketeke mno haishiki kwenye kichwa cha ndoana, inateleza chini ukitupa mara mbili. Ikiwa ngumu, ni kijiti. Na kuna mtego ambao ulinichukua msimu mzima kuugundua: chambo kinachocheza vizuri kwenye beseni nyumbani si lazima kicheze Mei kwenye Atlantiki, kwa sababu plastiki hii ikikutana na baridi inakakamaa. Kwa hiyo sasa napima kila mpiko kwenye beseni la maji na barafu. Cha Mei nakipika laini mno, hata kukishika kunakera. Cha Agosti nakikaza. Mkia naupunguza kwa mkasi hadi wembamba wa utambi wa taa, maana ndipo wimbi linapomalizikia, na mkia mnene unaliua wimbi kabla halijafika.

Wengine wanatia chumvi kwenye uji ili chambo kizame na samaki akishikilie zaidi mdomoni. Chumvi inafanya plastiki ichanike upesi, na maji yenyewe ya huku yana chumvi ya kutosha. Siitii. Wengine wanatia mafuta yenye harufu, ya shamari au kitunguu saumu. Nilijaribu ya kitunguu saumu, na kwa mwezi mzima gari langu lilinuka kama jikoni la msiba, kwa hiyo niliacha, na sikuona tofauti. Rangi ni mbili tu: nyeupe ya lulu yenye mgongo wa kijani kwa mwanga, na nyeusi kwa usiku. Nyeusi inawashangaza wageni. Lakini usiku straipa anatazama kutoka chini kwenda juu, na hata anga la giza lina mwanga kidogo; kitu cheusi ndicho kinachokatika vizuri mbele yake. Vumbi la kumetameta nalitia kijiko cha chai nusu kwa kikombe, zaidi kwa sababu watoto wangu wanapenda kulitia.

Kosa jingine la aibu: usihifadhi vyambo hivi kwenye kasha lolote la plastiki ngumu unaloliona. Yale mafuta ya kulainisha yanahama. Nilifungua kasha langu la zamani mwezi wa nne nikakuta vyambo na kasha vimekuwa kitu kimoja, kama haluwa iliyosahaulika kwenye jua.

Straipa wangu wa kwanza kwa kile chambo cha kamba ya kiatu alikuja usiku wa Juni, saa tisa, nikitoka zamu ya jioni moja kwa moja na sare yangu ya kazi ndani ya koti la mvua. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bamvua, na maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu kutoka mtoni. Mdomo wa Merrimack si mahali pa mzaha. Mto mzima wa kilomita zaidi ya 180 unakutana na bahari kwenye mlango mwembamba kati ya kuta mbili za mawe, na pale penye fungu la mchanga mawimbi yanasimama wima hata siku isiyo na upepo. Kwa maji kama hayo huhitaji kuvuta. Unatupa juu ya mkondo, unaacha kichwa cha risasi kishuke hadi kiguse chini, halafu unaushika uzi kwa kidole na kuacha mto ufanye kazi. Chambo kinazunguka kama mkono wa saa. Mwisho wa mzunguko, pale kinaponyooka na kuanza kupanda, ndipo.

Haikuwa kama kung'atwa. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango. Uzi ukaanza kutoka, nami nikasikia naita jina la ami kwa sauti, sijui kwa nini.

Rula ilisema inchi 33, kwa hiyo hakuwa wangu. Sheria ya sasa, tangu 2023, ni samaki mmoja kwa mtu kwa siku, asiwe chini ya inchi 28 wala asifike 31. Mdogo unamrudisha, na mkubwa pia unamrudisha, kwani ndiye mwenye mayai mengi. Mara ya kwanza jambo hili linauma. Kwetu mkubwa ndiye wa kupeleka nyumbani. Lakini samaki huyu amekuwa akitungiwa sheria toka 1639, pale baraza la koloni la Massachusetts Bay lilipokataza kumtumia kama mbolea shambani, maana walikuwa wakimfukia chini ya mahindi! Miaka ya sabini na themanini ya karne iliyopita nusura aishe. Maryland ilifunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990, akarudi kwa wingi, na sasa tena wataalamu wanasema amevuliwa kupita kiasi. Basi nilimshika mkia ndani ya maji, pua ikitazama mkondo, mpaka aliponipiga kofi la maji na kuondoka. Wa inchi 29 nilimpata wiki mbili baadaye. Mke wangu alimfanya wa kupaka, kwa nazi ya kopo na ndimu. Nyama yake nyeupe, imeshikana, inachukua nazi vizuri. Siku hiyo hakuna aliyesema neno kuhusu harufu ya chumba cha chini.

Kuna jambo halijakaa vizuri moyoni, nami nitalisema. Natoka nchi ambayo toka Agosti 2017 ukikamatwa na mfuko wa plastiki dukani una kesi. Ami alinipigia simu wakati ule akilalamika kwamba serikali imemchukulia chambo. Na mimi niko huku nachemsha plastiki kwa lita na kuitupa baharini ikiwa na sura ya chakula. Vyambo vinakatika. Vingine vinaokotwa chini na samaki na kukaa tumboni, kama yule ngisi wa waridi. Mwaka 2013 bunge la jimbo la Maine, jirani zetu wa kaskazini, lililetewa mswada wa kuvipiga marufuku kabisa. Haukupita ulivyoandikwa, lakini sikuweza kumcheka aliyeuleta. Ninachofanya ni kidogo. Vilivyochanika navirudisha kwenye kikombe, kwa kuwa plastiki hii inayeyuka tena mara nyingi kabla ya kuchoka. Vilivyookotwa kwenye mawe, vya kwangu na vya wengine, navyo vinaingia humohumo, na ndiyo maana rangi ya vyambo vyangu mwisho wa msimu ni kahawia isiyo na jina. Straipa haijali. Vinavyopotea naviandika kwenye daftari. Msimu uliopita vilikuwa 61. Niliandika ili niogope, na naogopa.

Mwezi wa Desemba mtu wetu mmoja alikuwa anakwenda nyumbani, nikampa pakiti: vyambo ishirini, vyeupe, vilivyokazwa kidogo kwa ajili ya maji ya joto, na vichwa vyake. Nilijua vitakwenda kwa ami, na nilijua ataviweka kwenye kopo kama ngisi wake. Nilikosea. Wiki ya pili ikaja sauti kwenye WhatsApp, dakika nne, upepo wa kaskazi unavuma nyuma yake.

Alianza kwa salamu zote, za mke, za watoto, za theluji. Kisha akasema vitu vinatembea. Alisema vinatembea mara tatu. Samaki wa kwanza amekuja kabla mashua haijapita mwamba. "Lakini mwanangu, nguru ana meno. Amekata mkia, paa, kama wembe. Wa pili, paa. Umenipelekea mkate wa kumimina nivulie! Vyote ishirini vimekwisha kabla ya adhuhuri." Hapo akakohoa, nikasikia mtu mwingine mashuani anacheka. "Sasa sikiliza. Huo uji wako, kabla haujaganda, utie nyuzi za kamba ndani. Zilale kwa urefu, toka kichwa mpaka mkia. Atang'ata, ataona ukaidi. Jaribu, halafu niletee."

Nimekwenda duka la vifaa vya mashua huko Newburyport nikanunua mita moja ya kamba nyeupe. Kalibu mpya ya plasta ina siku kumi na moja, iko juu ya kipasha joto, na bado tatu. Jana usiku nilikaa kwenye ngazi nikifumua kamba uzi kwa uzi. Mke wangu akashuka, akasimama, akatazama kilichokuwa mkononi mwangu.

"Hicho kitana ni changu?"

Kilikuwa chake.